Uso Ambao Simu Haikuugusa

Jumamosi, 2 Agosti. Mbuchi

Tunapura tangu asubuhi. Upande wa juu mpunga umejaa. Upande wa mto maji ya chumvi yameuramba na kutuachia makapi. Viganja vyangu vimetoka malengelenge. Mwaka mzima wa kushika kalamu na kipaza sauti, na mikono imesahau kazi iliyoikuza. Dada Mwanaidi ananicheka bila huruma. "Mheshimiwa, mpunga hauhutubiwi. Unapigwa."

Mheshimiwa ndilo jina alilonipa tangu nichaguliwe kuwaongoza wanafunzi wenzangu. Nalipenda kuliko ninavyokiri.

Mchana nilimpiga picha akipeta. Simu mpya, kamera inayosifiwa. Nilipomwonyesha, aliona papo hapo. Mimi ndiye niliyechelewa kuona.

Baka halipo.

Baka la dada linaanzia chini ya jicho la kushoto na kushuka mpaka tayani, jeusi kuliko ngozi yake nyeusi. Amezaliwa nalo. Sijawahi kumjua mtu mwingine aliye dada yangu ila huyo mwenye baka. Na simu imelifuta, kimyakimya, kwa adabu, kama mtumishi anayefuta meza.

Aliishika simu muda mrefu. "Kumbe ningekuwa hivi," akasema. Kisha: "Usiifute hiyo."

Nimekasirika kiasi cha kushindwa kula.

Jumapili, 3 Agosti

Hasira imepata elimu. Nimeshinda nyuma ya ghala la mpunga, mahali pekee ambapo mtandao unashika, nikisoma.

Kumbe simu haipigi picha. Inapiga picha nyingi kwa mkupuo, inazichanganya, inaangaza vivuli, inalainisha ngozi, inanoa kingo, kisha inakukabidhi matokeo kana kwamba hicho ndicho ulichokitazama. Nilizima kila kitufe cha urembo nilichokiona. Baka likarudi nusu tu, limefifia kama doa lililofuliwa. Uongo uliobaki hauna kitufe.

Nauliza, na nitauliza hadharani: nani aliyeketi mezani akaamua kwamba uso wa dada yangu una kosa? Kwa kipimo cha uso wa nani? Ukoloni uliondoka na bendera yake. Huu umerudi mfukoni mwetu, na tumeununua wenyewe.

Zipo programu za kamera zilizoandikwa na watu wenye hasira kama yangu. Hazichanganyi, hazilainishi, hazinoi. Fremu moja, mwanga ulioingia kwenye lenzi, basi. Wanaiita picha ghafi. Nimepakua moja, imenilia kifurushi na mchana wote.

Picha yangu ya kwanza kwayo ni ya kinu. Ina giza. Ina chengachenga. Lakini ni kinu chetu, na ufa wake upo.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimearifiwa rasmi, kana kwamba mimi ni mgeni wa nyumba hii. Salumu, fundi wa injini za boti kule Ikwiriri, amemposa dada. Huja huku kila msimu kutengeneza injini, na wamejuana siku nyingi. Baka analijua. Ndugu zake ndio hawajamwona dada. Ijumaa ya wiki ijayo mama yake na shangazi zake wanakuja kumwona mchumba.

Desturi ya nyumba yetu ni hii. Mchumba huingia amejifunika kanga mpaka usoni, amebeba beseni na birika. Huwanawisha wageni mikono, mmoja baada ya mwingine, wala hakuna anayemwona. Akimaliza mkono wa mwisho, hujifunua mwenyewe, kwa wakati wake. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa ile kanga. Hata mama mzazi.

Nilimwambia mama kwamba hayo ni maonyesho ya bidhaa. Kwamba mwanamke si mbuzi wa mnadani wa kufunikwa na kufunuliwa. Nilizungumza vizuri sana, kwa mpangilio, hoja ikiibeba hoja. Mama aliendelea kuchambua mchele. Alipomaliza sinia, akasema, "Umekwisha, mwanangu? Niletee na ule ungo."

Dada alikuwa chumbani na kanga mpya, mbele ya kioo kidogo. Anaifunika usoni, anaifunua. Anaifunika tena, anaifunua polepole zaidi. Nilidhani anacheza.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeipata picha. Sijawahi kupiga nyingine inayoikaribia.

Dungu letu bado limesimama shambani, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, ambamo dada amekesha misimu mingi akiwafukuza nguruwe wasile mpunga. Nilimkalisha mlangoni pake. Jua la adhuhuri, kali, lisilo na mzaha. Alitaka kunigeuzia shavu la kulia kama anavyowageuzia watu wote. Nikamshika kidevu nikamrudisha. Shavu la kushoto mbele.

Programu hii haikufanyii lolote. Kila uamuzi ni wako: mwanga, kasi, umbali. Nilipunguza mwanga kidogo ili baka likolee na anga lisiungue likawa jeupe tupu. Hiyo ndiyo raha yake. Unarudishiwa mamlaka.

Dada akauliza ni ya nini. Nikasema ni ya kumbukumbu. "Haya, piga basi, jua linanichoma."

Uso mzima upo. Vinyweleo, jasho, kovu dogo la utotoni kwenye nyusi, na baka lenyewe, jeusi, lenye kingo, halimwombi mtu radhi. Nilipomwonyesha alitazama mara moja tu. "Ndiyo mimi," akasema, akashuka dungu kwenda kuchota maji.

Nimeifuta ile ya Jumamosi. Sikumwambia. Uongo hauhifadhiwi.

Jumamosi, 9 Agosti. Kibiti

Boti ya injini, kisha bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Nimefikia kwa mjomba. Mama amenituma tende, sukari, birika jipya na beseni la kunawisha wageni. Muuza vyombo sokoni akaniuliza kama ni vya harusi yangu. Nikamwambia mimi nimeolewa na mapinduzi. Akasema, "Mahari umepata?" Nimekubali nimeshindwa.

Huku mtandao unatiririka. Ukurasa wetu wa chuo, wa kampeni dhidi ya krimu za kujichubua, umelala tangu tufunge. Jioni nimeuamsha. Nimeandika:

"Huu ndio uso. Hakuna mashine iliyouomba ubadilike. Wametufundisha kuona aibu kwenye ngozi, sasa wametengeneza simu zinazoona aibu kwa niaba yetu. Mtazameni mwanamke huyu wa Mbuchi. Msimhurumie. Jihurumieni nyinyi mnaoogopa vioo."

Juu yake nikaibandika picha ya dada. Jina sikulitaja. Mbuchi niliitaja, kwa sababu mahali pana heshima yake.

Kuna kitu kiliniuliza kama nimemwuliza mwenyewe. Nilikijibu upesi: uso si siri, anatembea nao kila siku.

Jumapili, 10 Agosti. Kibiti

Imesambaa. Wenzangu wananipigia tangu alfajiri. Kurasa ambazo hazijawahi kutujua zimeichukua. Wasichana wanaweka picha zao ghafi chini yake, makovu, chunusi, madoa, na wanaandika asante. Mmoja amesema amelia.

Nilitembea barabara ya Lindi nikijiona mrefu. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Nilifurahi sana.

Jumatatu, 11 Agosti. Kibiti

Nilikuwa nasoma maoni nikinywa chai kwa mjomba. Katikati ya pongezi, mtu ameandika: "Huyu si ndiye anayeposwa na Salumu fundi, wa Ikwiriri? Salumu kajitakia." Chini yake vicheko. Chini ya vicheko, mwanamke ambaye jina lake la ukoo ni la Salumu: "Shukrani kwa kutuwahisha. Ijumaa tulikuwa tunakwenda kuona. Sasa tumeona."

Chai ikapoa mkononi.

Nimeifuta picha. Ipo kwenye kila ukurasa ulioichukua. Nimewaandikia wenye kurasa hizo. Mmoja amenijibu kwamba harakati ni kubwa kuliko mtu mmoja. Hayo ni maneno yangu. Niliyasema kwenye mkutano wa mwaka jana, watu wakapiga makofi.

Kesho narudi. Sijui nitasema nini. Mimi, sijui nitasema nini.

Jumanne, 12 Agosti. Mbuchi

Alikwisha kujua. Jirani alikuja na simu yake mpaka jikoni, akamwonyesha huku anamsifu.

Nilimkuta anakuna nazi. Hakuinua macho. Nilianza na maelezo ya kampeni, nikayaacha. Nikasema sikumtaja jina. Hapo akaacha kukuna.

"Uliniambia ni ya kumbukumbu."

Nikasema ndiyo.

"Mimi uso wangu siufichi, mdogo wangu. Nakwenda nao kisimani, nakwenda nao sokoni. Wanaonitazama wananitazama, nimewazoea. Lakini wale nilitaka niwafunulie mwenyewe. Wanawe kwanza, wasikie sauti yangu, wajue mkono wangu ukoje. Halafu niteremshe kanga mwenyewe, wanione namna nilivyokusudia. Ni siku moja tu hiyo. Umekwenda ukanifunua wewe."

Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. Heri angenipiga na kibao cha mbuzi.

Nilifikiri juu ya kile kioo kidogo. Hakuwa akicheza. Alikuwa anajizoeza.

Mimi niliyeiita desturi ile mnada. Katika nyumba nzima, katika maisha yake yote ya kutazamwa bila kuulizwa, hiyo ndiyo saa pekee ambayo mwanamke huyu angeamua nani amwone na lini. Nami nikaitangaza sokoni kwa jina la uhuru wake.

Jumatano, 13 Agosti

Hakuna habari kutoka Ikwiriri. Mama haongei nami. Anaongea na kuku.

Beseni jipya liko kwenye karatasi yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Salumu amekuja asubuhi, amekaa barazani na mama. Mama yake na shangazi zake wamegawanyika, lakini watakuja. Ameapa kwao kwamba asipooa hapa haoi. Dada alimsikiliza kutoka ndani, nyuma ya pazia. Sikuona uso wake.

Salumu akiondoka alipita ninapopeta. Nilitaraji matusi, nilikuwa nimeyaandalia hata majibu. Akasema, "Shemeji, ungeniuliza hata mimi tu." Kisha akatazama ungo wangu. "Unapeta kinyume cha upepo." Akaenda zake bandarini.

Nimeifungua tena ile picha ghafi. Nimeitazama kwa mara ya kwanza bila kuipenda. Dada nimemwona leo akianika mchele, kwenye mwanga wa asubuhi wa kawaida, na baka lake si jeusi hivyo. Kingo zake si kali hivyo. Macho yake hayana ule ukaidi. Mlangoni pa dungu alikuwa anakunja uso kwa sababu ya jua, nami nikauita ukaidi. Nilichagua adhuhuri. Nilichagua shavu. Nilimshika kidevu. Nilipunguza mwanga ili likolee, na nikaandika hapa kwamba hiyo ndiyo raha yake.

Programu haikugusa kitu. Mimi niligusa kila kitu. Ile simu ilimtaka asiwe na baka. Mimi nilimtaka asiwe na kingine.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamekuja baada ya sala, mama mtu na shangazi wawili, viatu mkononi kwa sababu ya tope la bandarini. Niliagizwa kushika taulo na kunyamaza. Nimeyaweza yote mawili.

Dada aliingia na beseni na birika. Kanga mpya ilikuwa mabegani. Uso wazi.

Mama aliinuka nusu, kama anayetaka kumkimbilia amfunike. Dada akamtikisia kichwa. Akapiga magoti mbele ya mama Salumu, akammiminia maji, akamsalimu shikamoo kwa sauti ambayo haikutetemeka. Kisha shangazi mdogo. Kisha shangazi mkubwa, mwanamke mnene mwenye macho ya kupima, ambaye nilimwogopa tangu aliposhuka kwenye boti.

Mkono wa mwisho ukanawishwa. Wote pale ndani, wao na sisi, tulijua ni wakati wa nini. Mkono wa dada ulipanda wenyewe mpaka usoni, kwa mazoea ya siku zile za kioo, na haukukuta kanga. Ukabaki hewani. Akafuta jasho lisilokuwepo, akaushusha.

Nilikuwa nimeshika taulo. Ningetoa kila hotuba niliyowahi kusema ili ile kanga iwepo.

Shangazi mkubwa ndiye aliyesema wa kwanza. Alimtazama dada hasa, bila kujificha. "Mbona kule kwenye simu ulikuwa unatisha, mwanangu? Nimekuja nimejikaza. Aliyekupiga ile picha ana ugomvi na wewe?"

"Hapana, shangazi," dada akasema. "Ni mdogo wangu. Bado anasoma."

Wakacheka. Hata mama Salumu. Walicheka vizuri, kicheko cha watu waliokwisha kukubali. Wakala wali na kambakochi wa nazi, wakauliza kuhusu mpunga, wakataja mwezi wa ndoa. Mama alipiga kigelegele jikoni, peke yake, kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo ndoa ipo. Nimejaribu kuifanya hiyo iwe utetezi wangu. Haikubali.

Jumamosi, 16 Agosti

Wenzangu wanataka niandike sehemu ya pili. Wanauliza kama huyo mwanamke anaweza kuhojiwa. Nimewajibu kwamba hawezi, na kwamba najiondoa kwenye ukurasa. Wameniuliza sababu. Nilianza kueleza kwa ibara ndefu iliyojengeka. Nikaifuta, nikaandika: sikumwuliza.

Bado naamini nililoliamini. Simu ile haikuwa na haki ya kumfuta. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya kwamba nilikosea kila kitu. Kukosea kila kitu kungekuwa nafuu.

Jumapili, 17 Agosti

Mpunga umekwisha kuingizwa ghalani. Tumekaa na dada chini ya dungu, kivulini, tumechoka. Upepo kutoka kwenye mikoko.

"Ile ya kwanza ipo?" akaniuliza. Ile ya Jumamosi, akipeta.

Nikamwambia niliifuta.

"Nilikwambia usiifute."

"Ndiyo, dada."

Akaguna. Alikaa akitoa makapi kwenye kanga yake. Ni ile mpya. Ameanza kuivaa shambani. Nikamwambia naweza kumpiga nyingine, kwa kamera ileile ya simu, itoke vilevile kama alivyoipenda. Akasema hapana. Hakukasirika. Alitaka ile tu, siku ile, alipokuwa hajui kwamba anapigwa picha.

Kisha akanyoosha mkono, akaomba simu. Nikamfungulia. Akataka ile nyingine, ile isiyopamba. Nikamwonyesha mahali pa kubonyeza. Akanielekezea. Sikujua nikae vipi. Niligeuza shavu, halafu nikaona ninachokifanya, nikaacha.

Akapiga. Akaitazama kwa utulivu, kama anavyotazama mchele kabla ya kuuosha.

Nikamwuliza kama niifute au niiache.

"Uso wako huo," akasema, akanirudishia simu. "Amua mwenyewe."

Ipo. Sijaifungua.